Shutuma na Kura: Habari za Kampeni za Urais Masasi na Newala

Msimu wa korosho katika nyanda za juu za Makonde huanza mwezi wa Oktoba, na uchaguzi wa rais wa Tanzania, tangu vyama vingi viliporejea, umekuwa ukifanyika mwezi huohuo, isipokuwa mwaka 2005 ulipoahirishwa hadi tarehe 14 Desemba. Kwa hiyo mkulima wa Newala au wa Masasi huyasikia maneno ya wagombea katika siku zilezile ambazo ameinama chini ya mkorosho akiokota korosho zilizodondoka na mabibo yake, ilhali hajajua bado mnada wa kwanza utamletea bei gani. Nalitaja jambo hili mwanzoni kwa sababu waandishi wa mijini, wakisimulia kampeni, aghalabu huzisimulia kana kwamba msikilizaji hana shughuli nyingine duniani ila kusikiliza, wakaipima nguvu ya shutuma kwa wingi wa makofi. Nionavyo mimi, kipimo hicho ni hafifu. Kazi kubwa ya shutuma ya jukwaani si kumwangusha anayeshutumiwa. Ni kuamua swali ambalo taifa zima litaulizwa siku ya kura, na mwenye kulitunga swali hilo huwa amekwisha kushinda sehemu kubwa ya shindano kabla sanduku halijafunguliwa. Masasi ndiko alikotoka mmoja wa watu walioufaidi sana mtindo huo, na ambaye baadaye alilitamka, mbele ya hadhara kubwa kabisa, tusi lililokumbukwa kuliko hotuba zake zote.

Uchaguzi wa kwanza wa rais wa Tanganyika, wa tarehe 1 Novemba 1962, ulikuwa na washindani wawili. Zuberi Mtemvu aliiacha TANU mwaka 1958, baada ya mkutano wa Tabora kukubali chama kiingie katika uchaguzi wa kura tatu, ambamo kila mpiga kura alilazimika kumchagua Mwafrika mmoja, Mwasia mmoja na Mzungu mmoja. Akaanzisha chama chake cha ANC, akamshutumu Julius Nyerere, kiongozi wa TANU, kwamba amewaweka wageni meza moja na wenye nchi. Shutuma ile ilikuwa kali, na mwaka 1958 yawezekana ilikuwa na wasikilizaji. Lakini kufikia 1962 uhuru ulikuwa umekwisha kupatikana, bendera imekwisha kupanda, na swali la Mtemvu likawa limejibiwa kabla hajalimaliza kuliuliza. Alipata kura 21,276, Nyerere akapata 1,127,978. Somo la kwanza la urais katika nchi yetu lilikuwa hilo: kwamba shutuma iliyochelewa ni sawa na shutuma isiyotolewa.

Baada ya hapo hapakuwa na mshindani wa urais kwa miaka thelathini na mitatu. Jina lilikuwa moja, na mwananchi aliulizwa ndiyo au hapana. Ushindani uliobaki ulikuwa wa ubunge, nao ulitiwa kanuni ambazo leo zingewashangaza vijana wengi: tangu uchaguzi wa 1965 wagombea wawili wa jimbo walipelekwa pamoja katika mikutano iliyoandaliwa na chama, wakasikilizwa mmoja baada ya mwingine mbele ya wasimamizi, ilikatazwa kutaja kabila, dini au rangi, ilikatazwa kutumia lugha yoyote isipokuwa Kiswahili, na kila mmoja alipewa alama, huyu jembe, yule nyumba, ili asiyejua kusoma asipotee. Wagombea, kwa kuwa ndimi zao zilikuwa zimefungwa katika mambo mengine yote, walizifanyia kazi alama zile kwa ufasaha mwingi, wa jembe akisema kwamba bila jembe hakuna chakula, na wa nyumba akisema kwamba mavuno yasiyo na nyumba huliwa na mvua. Mtu aweza kuyadharau maneno hayo kuwa ni mchezo wa kitoto. Mimi siyadharau, kwa maana Wamakua, Wamakonde na Wayao wa wilaya zile, wenye lugha mbalimbali majumbani, walijifunza katika mikutano ile kwamba kuna namna ya kumpinga mtu hadharani pasipo kumtukana mama yake wala kabila lake. Kanuni hizo ziliua uhuru mwingi, na sitaki kuzisifu kupita haki yake. Lakini zilifunza adabu ya usemi, na adabu hiyo ndiyo iliyokuja kupimwa baadaye.

Kwa upande wa urais, katika miaka hiyo, shutuma ziliwaelekea maadui wasiokuwapo jukwaani: ujinga, maradhi, umaskini, beberu, na baadaye mlanguzi. Newala hata beberu hakuwa adui wa kuhadithiwa tu. Mtu akisimama Shimo la Mungu, pale ambapo uwanda unakatika ghafula na bonde la Ruvuma kufunguka chini yake, aliiona kwa macho nchi ya Msumbiji iliyokuwa mikononi mwa Wareno hadi 1975, na wakimbizi wa vita vya kuikomboa nchi hiyo walikuwa wakiishi miongoni mwa wenyeji. Hotuba dhidi ya ukoloni ilipotolewa Newala haikuhitaji madoido.

Benjamin William Mkapa alizaliwa Lupaso, wilaya ya Masasi, tarehe 12 Novemba 1938. Elimu yake ilipitia Ndanda, Kigonsera na Pugu, akaenda Makerere alikosoma fasihi ya Kiingereza na kuhitimu mwaka 1962. Mwaka 1966 alifanywa mhariri wa magazeti ya chama, The Nationalist na Uhuru. Mwaka 1972 akahamia Daily News. Mwaka 1974 akawa mwandishi wa habari wa Rais. Mwaka 1976 akaliongoza shirika jipya la habari, Shihata. Kisha akawa waziri wa mambo ya nje mara mbili. Tangu 1985 hadi 1995 alikuwa mbunge wa Nanyumbu, iliyokuwa wakati ule sehemu ya wilaya ya Masasi. Nimeyataja haya kwa tartibu kwa sababu yanamweleza mtu ambaye kazi yake tangu ujanani ilikuwa kupima maneno ya wengine, kuyakata yaliyozidi na kuyaacha yanayotosha. Hakuwa mtu wa kupayuka, wala hakuwahi kujulikana kuwa mhamasishaji wa halaiki.

Mtu wa namna hiyo asingekuwa rais kama swali la mwaka 1995 lingekuwa jingine. Swali lile halikutungwa na yeye. Lilitungwa, kwa upande mmoja, na Augustino Lyatonga Mrema, waziri wa zamani wa mambo ya ndani aliyezoea kuwapa wakosaji siku saba wajirekebishe, na ambaye, baada ya kuondolewa serikalini Februari 1995 kwa kuwasema wakubwa wenzake juu ya rushwa, alihamia chama cha upinzani cha NCCR-Mageuzi na kuvuta makundi ya watu ambayo nchi haikuwahi kuyaona tangu siku za kudai uhuru. Vijana walilisukuma gari lake kwa mikono barabarani. Kwa upande mwingine lilitungwa na Mwalimu Nyerere mwenyewe, aliyekuwa amekwisha kuandika mwaka 1993 kitabu cha kuwashutumu kwa majina viongozi wakubwa wa chama chake, na ambaye Machi 1995, alipozungumza na waandishi wa habari, alizitaja nyufa alizoziona katika nyumba ya taifa, kisha siku ya Mei Mosi, mjini Mbeya, akaeleza ni mtu wa sifa gani anayestahili kuingia Ikulu, na rushwa ikawa kitovu cha maelezo yake.

Lazima tuione hila ya jambo hili, na neno hila nalitumia kwa maana njema. Shutuma za rushwa zilikuwa mkuki wa Mrema, nao ulielekezwa kifuani mwa CCM, chama tawala. Nyerere hakuukinga mkuki ule kwa kusema kwamba rushwa haipo. Aliishutumu rushwa kwa sauti kubwa kuliko Mrema, kisha akakitaka chama kimtafute mtu ambaye mkuki hautampata. Mwezi Julai, Dodoma, katika duru ya kwanza ya kura za chama za kumteua mgombea, Jakaya Kikwete aliongoza kwa kura 534, Mkapa akapata 459 na Cleopa Msuya 336. Katika duru ya pili Mkapa alishinda kwa kura 686 dhidi ya 639. Akatoka Dodoma akiitwa Bwana Msafi. Mrema alijikuta anashindana na mtu ambaye hakuna aliyekuwa na la kumsema, isipokuwa kwamba hajulikani sana, na kutojulikana katika mwaka ule wa lawama kulikuwa fadhila.

Kampeni zilipoanza, Mkapa hakuhitaji kushutumu. Walioshutumu kwa niaba yake walikuwapo, na mkubwa wao alikuwa Mwalimu, aliyezunguka nchini akieleza kwa utani wake wenye makali kwa nini ghadhabu dhidi ya rushwa haimtoshi mtu kuwa rais. Wilaya za kusini ziliyapokea mambo haya kwa redio. Barabara ya Dar es Salaam ilikuwa mateso katika masika, daraja la Rufiji halijajengwa, na magazeti yaliyofika Masasi yalifika yamekwisha kuchakaa habari zake. Radio Tanzania ndiyo iliyokuwa jukwaa, na katika redio sauti ya mtu mmoja aliyezoeleka kwa miaka arubaini ilikuwa na uzito kuliko halaiki ya viwanja vya Jangwani, Dar es Salaam, isiyoonekana. Tarehe 29 Oktoba 1995 Mkapa alipata kura 4,026,422, yaani asilimia 61.8, Mrema 1,808,616, Ibrahim Lipumba 418,973, John Cheyo 258,734. Dar es Salaam uchaguzi ulivurugika kiasi cha kurudiwa Novemba, na wapinzani wakalalamika kwa sababu zenye uzito.

Chaguzi zilizofuata zaweza kupitiwa upesi. Mwaka 2000 Mkapa alirudi kwa asilimia 71.7. Mwaka 2005 Kikwete alipata asilimia 80. Lakini katikati ya miaka hiyo shutuma ya ufisadi ilikuwa inakua nje ya msimu wa kampeni, na hilo ni jambo la kuzingatia: tarehe 15 Septemba 2007, katika viwanja vya Mwembeyanga, Temeke, Dakta Willibrod Slaa wa chama cha upinzani cha CHADEMA alisoma orodha ya watu kumi na mmoja aliowaita mafisadi, na miongoni mwa majina hayo lilikuwamo la Edward Lowassa, waziri mkuu wa wakati ule, na la Mkapa mwenyewe, aliyekuwa ameondoka madarakani chini ya miaka miwili. Tuhuma dhidi ya Mkapa hazikufikishwa mahakamani. Lakini jina la Bwana Msafi lilikuwa limeguswa, na aliyejengewa urais wake juu ya swali moja aliliona swali lilelile likirudi kumtafuta. Februari 2008 Lowassa alijiuzulu kwa sababu ya mkataba wa umeme wa Richmond, na mwaka 2010 Slaa, akigombea urais kwa maneno yaleyale ya Mwembeyanga, alipata zaidi ya robo ya kura zote. Upinzani ulikuwa umelimiliki swali.

Mwaka 2015 wakaliacha, na hapa ndipo simulizi yetu inapofika kwenye kiini chake. Lowassa, aliyekatwa jina na vikao vya CCM Julai 2015 katika kinyang'anyiro alichokuwamo pia Bernard Membe wa Lindi, alihamia CHADEMA mwishoni mwa mwezi huo, akafanywa mgombea wa umoja wa vyama vinne ulioitwa UKAWA. Waliomshutumu kwa miaka minane wakambeba mabegani. Slaa hakuweza kulimeza jambo hilo. Tarehe 1 Septemba alitangaza kujiondoa katika siasa za vyama na akamshambulia Lowassa kwa maneno aliyoyazoea. CCM, iliyokuwa imezoea kujitetea, ikajikuta imepewa bure silaha ya hasimu wake, na mgombea wake, John Magufuli, ambaye hakuwa katika orodha yoyote, akazunguka nchi nzima akinadi kazi, akiahidi mahakama ya mafisadi, na kupiga pushapu jukwaani ili wenye macho wajue, bila yeye kutamka, kwamba mpinzani wake ni mgonjwa. Shutuma ile ya mwili naona ilikuwa ya chini kuliko zote za mwaka ule. Ilimsema mtu kwa jambo asiloweza kulijibu kwa hoja.

Ndipo Mkapa aliporudi jukwaani. Tarehe 22 Agosti 2015 Frederick Sumaye, aliyekuwa waziri mkuu wake kwa miaka yote kumi ya urais, alitangaza kujiunga na UKAWA. Kesho yake, tarehe 23, CCM ilizindua kampeni Jangwani, na Mkapa, mzee wa miaka sabini na sita, akasimama akasema kwamba nchi hii ilikwisha kukombolewa na TANU na ASP ya Zanzibar, na kwamba wanaodai kuja kuikomboa ni wapumbavu na malofa.

Sipendi kusadiki kwamba mtu aliyekaa miaka minane akihariri magazeti hakujua uzito wa maneno yale. Hoja iliyokuwamo ndani yake ilikuwa hoja halali, tena nzito: nani ana haki ya kujiita mkombozi katika nchi iliyo huru? Ilistahili kujadiliwa, na yeye alikuwa miongoni mwa wachache walioweza kuijadili kwa ufasaha. Lakini tusi liliimeza hoja. Siku ya pili hapakuwa na mtu aliyezungumzia ukombozi. Watu walizungumzia malofa, na wafuasi wa UKAWA, hususan vijana wasio na ajira, wakalipokea neno hilo wakajiita wenyewe kwalo, kama mtu anayeliokota jiwe alilorushiwa na kulitia mfukoni. Viongozi wao wakalirudia katika mkutano baada ya mkutano. Kwa muda wa wiki kadhaa swali la uchaguzi likabadilika, likaacha kuwa nani fisadi, likawa nani anawadharau maskini. Na laiti UKAWA wangelishika swali hilo la pili kwa mpango na kwa hoja, badala ya kulifanya kibwagizo, sijui hesabu ingekuwaje. Lowassa, alipozindua kampeni yake uwanja uleule tarehe 29 Agosti, alizungumza kwa muda mfupi, akataja elimu mara tatu kuwa kipaumbele chake, akashuka.

Masasi tusi lile lilikuwa na sura ambayo Dar es Salaam haikuiona. Mmoja wa wenyeviti wenza wa UKAWA alikuwa Dakta Emmanuel Makaidi, mwenyekiti wa chama cha NLD, aliyewahi kugombea urais mwaka 2005, na mwaka huo wa 2015 alikuwa anagombea ubunge Masasi. Basi wapiga kura wa Masasi walikuwa na rais mstaafu wa kwao aliyewaita wapinzani wapumbavu, na walikuwa na mzee wa upinzani aliyekuja kuomba kura zao milangoni. Hawa hawakuwa majina ya redioni. Walikuwa watu wenye umri wa kuheshimiwa, na desturi ya kusini haimruhusu kijana kumchagulia mzee mmoja heshima na kumnyima mwingine kwa sababu ya kadi ya chama. Zaidi ya hayo, mji ulikuwa na kovu lake. Januari 2013, katika siku ambazo mkoa wa Mtwara ulikuwa umechafuka kwa ajili ya gesi iliyopangwa kupelekwa Dar es Salaam kwa bomba, ghasia zilizuka Masasi, nyumba za viongozi na majengo ya serikali yakachomwa, na watu wakafa. Mji uliokwisha kuona maneno yakigeuka moto huyasikiliza matusi ya kampeni kwa tahadhari.

Makaidi hakuiona siku ya kura. Aliugua katikati ya kampeni, akafariki tarehe 15 Oktoba 2015 katika hospitali ya Nyangao, mkoani Lindi, siku kumi kabla ya uchaguzi. Kwa mujibu wa sheria uchaguzi wa mbunge uliahirishwa, na tarehe 25 Oktoba watu wa jimbo la Masasi walimpigia kura rais bila kumchagua mbunge. Walifanya hivyo tarehe 20 Desemba, na mgombea wa CCM akashinda. Kitaifa Magufuli alipata kura 8,882,935, asilimia 58.46, na Lowassa 6,072,848, asilimia 39.97, kiasi ambacho hakuna mpinzani aliyekuwa amekifikia. Lakini tutazame uwanda wa Makonde peke yake. Newala, majimbo yote mawili yalibaki na CCM. Tandahimba, jirani wa mlango kwa mlango, waliokota korosho zilezile, waliuza katika minada ileile ya chama kikuu kimoja cha ushirika, TANECU, walisikia hotuba zilezile za Jangwani, wakamchagua mbunge wa upinzani, wa CUF. Kama shutuma za wakubwa ndizo zingekuwa zinaamua, wilaya hizi zingekwenda pamoja. Zilitengana kwa sababu swali la kitaifa lilipofika kwao lilikutana na maswali ya kwao: malipo ya pili ya mfumo wa stakabadhi ghalani yaliyocheleweshwa au yasiyokuja, makato yasiyoelezwa, maji ya mradi wa Makonde ambayo kwa vizazi kadhaa yameahidiwa kupanda kutoka bondeni kuja juu, na nani kati ya wagombea wa pale aliyekuwa na majibu yenye kueleweka.

Maneno ya kampeni hayakwisha na kampeni. Serikali iliyochaguliwa kwa kuwashutumu mafisadi iliendelea kuzungumza kwa shutuma, na msimu wa 2018 wafanyabiashara walipotoa bei ambayo wakulima waliikataa, baada ya korosho kufika karibu shilingi 4,000 kwa kilo miaka miwili kabla, Rais alitangaza Novemba kwamba serikali yenyewe itanunua kwa shilingi 3,300, akapeleka jeshi na magari yake kuzibeba. Wengi Newala na Masasi walishangilia, na walikuwa na sababu. Kisha ukaja uhakiki, kwa kuwa palikuwa na kangomba, wale wanaonunua kwa vipimo vya kienyeji kabla ya mnada, na kila aliyekuwa na korosho nyingi kuliko ilivyotazamiwa alitakiwa athibitishe kwamba si mmoja wao. Mkulima aliyekwisha kukabidhi mzigo wake akangoja malipo miezi mingi, huku akipaswa kujisafisha na tuhuma ambayo hakuna aliyemsomea. Hivyo ndivyo msamiati wa jukwaani ulivyofika ghalani.

Kadhalika waliotupiana maneno mwaka 2015 walikwisha kubadilishana mahali. Slaa aliteuliwa balozi na serikali ya CCM mwaka 2017. Lowassa alirejea CCM Machi 2019, na Sumaye Februari 2020, mwezi uleule ambao CCM ilimfukuza Membe. Mkapa alifariki Julai 2020, akazikwa Lupaso tarehe 29 ya mwezi huo. Mwezi mmoja baadaye kampeni zikaanza, safari hii kukiwa na kamati ya maadili ya tume ya uchaguzi iliyomsimamisha Tundu Lissu wa CHADEMA siku saba kwa lugha aliyoitumia, ilhali lugha ya upande wa pili haikupata kikwazo cha namna hiyo. Na mwana mwingine wa kusini, Membe, akagombea kwa ACT-Wazalendo huku viongozi wa chama chake wenyewe wakimuunga mkono Lissu. Membe alipata kura 81,129 katika nchi nzima.